Karatasi ya THI ya masikio yanayovuma: inafaa, ila "wakati mwingine" imeniudhi

Wakuu, mi ni fundi wa injini za boti pale Mwaloni Kirumba kwahiyo mnaweza kubuni kelele masikioni zilianzia wapi. Hii sio rivyuu ya kliniki (kliniki foleni tu kama kawaida), ni ya ile karatasi ya maswali wanayokujazisha kabla daktari hajakuona, Tinnitus Handicap Inventory, wenyewe wanaita THI, ni ya Marekani tangu 1996.

Maswali yako 25. Ndiyo ni pointi 4, wakati mwingine 2, hapana 0, mwisho 100. Mpaka 16 unahesabiwa huna shida ya maana, 38 hadi 56 ni ya kati, 78 kwenda juu hapo maisha yameshavurugika. Mi nilitoka na 46.

Nilichokipenda haihangaiki sana na ukubwa wa mlio wenyewe, inataka kujua unalala? una hasira za hovyo? (hapa mke wangu kajibu kabla yangu) unaona huna pa kuikimbilia hiyo kelele? Maana kile kipimo cha kuvalishwa hedifoni kinaonyesha unasikia kiasi gani, hakijui kama saa nane usiku uko macho unahesabu mabati, na kuna mtu mlio wake ukipimwa ni mdogo tu lakini kazi imemshinda, mwingine unalia kwelikweli na anadunda mtaani.

Sasa kasoro. Kuna swali la kama unashindwa kufurahia mitoko, mfano kwenda sinema, jamani fundi wa Kirumba na sinema wapi na wapi, nesi mwenyewe kacheka akasema basi tuseme harusini, sawa, ila nesi wa zamu nyingine si atasema mpira? Alafu hiyo "wakati mwingine", anayekosa usingizi mara moja kwa mwezi na anayekosa siku tatu kila wiki wote wanapata 2, hapana bwana.

Ndo maana kama umeshaanza tiba na unataka kujua inasaidia au la, uliza kama wana TFI (Tinnitus Functional Index), karatasi nyingine ya maswali, ya 2012, nayo maswali 25 ila unajipa namba kuanzia sifuri kwa hali ya wiki iliyopita tu, na ikishuka kama pointi 13 ndo wanahesabu kweli umepata nafuu. Ila zote mbili hazikwambii chanzo, sikio likiziba ghafla usianze kujaza karatasi, wahi kwa daktari siku hiyohiyo.

THI naipa nyota 3 na nusu.