Ripoti ya alama za Ghuba ya Chesapeake: tathmini ya msomaji

Kila mwaka Kituo cha Sayansi ya Mazingira cha Chuo Kikuu cha Maryland, nchini Marekani, hutoa ripoti inayoipa Ghuba ya Chesapeake madaraja kama ya mwanafunzi, kuanzia A hadi F, pamoja na alama ya asilimia. Naifuatilia kwa sababu ya kazi yangu katika jumuiya ya watumiaji maji, na naiona kuwa huduma yenye thamani kubwa, hasa kwa kuwa hutolewa bure mtandaoni.

Uzuri wake ni kwamba hukusanya vipimo vya oksijeni iliyoyeyuka majini, naitrojeni, fosforasi, uangavu wa maji, nyasi za majini na viumbe waishio kwenye tope, kisha huvifikisha kwa mvuvi na kwa diwani katika herufi moja. Asiyetosheka na herufi hiyo hushuka hadi mto mmoja mmoja, akakuta kwamba upande wa kusini, karibu na bahari, mara nyingi hupata alama nzuri, ilhali mito ya Patapsco na Back, jirani na jiji la Baltimore, huburuza mkia. Mgawanyo huo ni wa lazima, kwani ghuba hupokea maji ya majimbo sita na mji mkuu wa nchi, na karibu nusu ya maji yake yasiyo ya chumvi huletwa na mto Susquehanna, unaopita Pennsylvania, jimbo lisilo na ufuko wowote kwenye ghuba hiyo.

Nilipoionyesha ripoti hiyo katika kikao chetu, mzee mmoja aliweka kidole kwenye rangi ya njano, inayoonyesha daraja la C, akauliza, "Asilimia 50 ndiyo kusema nusu ya maji ni safi?" Sivyo. Ni wastani wa jinsi vipimo vinavyofikia viwango vilivyowekwa, na maelezo hayo yanastahili nafasi kubwa zaidi.

Tahadhari yangu nyingine ni kuhusu mwaka mmoja mmoja. Mwaka 2023 ghuba ilipata C+, asilimia 55, alama ya juu kuliko zote tangu 2002. Mwaka uliofuata ikashuka hadi C, asilimia 50. Mvua kubwa huweza kusomba mbolea na udongo hadi mtoni hata pale wakulima walipojitahidi, kwa hiyo mimi husoma kwanza mchoro wa mwenendo wa miaka mingi, ndipo nikaitazama herufi.