Springi za dramu za nyuma kwa Corolla 110: bahasha ndogo inayozidi shuu mpya

Corolla 110 ikipunguza mwendo kwenye tuta na magurudumu ya nyuma yakapiga mluzi, neno la kwanza utakaloambiwa dukani ni "shuu zimekwisha", yaani vile vipande viwili vya mviringo vinavyobana dramu, ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, kwa ndani. Shuu mpya zinafungwa, gari linanyamaza siku chache kwa kuwa lainingi, tabaka la msuguano lililo juu ya shuu, bado haijang'aa, kisha mluzi unarudi palepale. Mara nyingi shuu hazikuwa na kosa. Gari hili liliingia sokoni Japani mwaka 1995, na springi zilizomo ndani ya dramu zake aghalabu ni zilezile zilizotoka nazo kiwandani. Kila shuu zinapobadilishwa, springi huvuliwa, hupigwa brashi na kurudishwa.

Kwa hiyo tunachokipima hapa ni ile bahasha ya nailoni yenye springi na pini, inayoning'inia nyuma ya kaunta bila mtu kuiulizia. Iwe Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi, ukiomba shuu utapewa shuu tu. Itaje kwa jina: seti ya springi za dramu za nyuma, magurudumu mawili. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya shuu nzuri.

Ndani yake uhesabu springi 4 za kubania shuu kwenye sahani ya nyuma (bamba lisilozunguka linalobeba shuu), vikombe 8, pini 4, springi 2 za juu za kurudisha shuu na 2 za chini. Bahasha nzuri huongeza vispringi 2 vya wenzo wa ajasta, kile kijiti chenye uzi kinachosogeza shuu karibu na dramu zinapolika. Wosha za C zinazoshika wenzo wa handibreki kwa kawaida hazimo, na zile za zamani ukishazipanua kwa bisibisi hazibani tena sawasawa. Ziulizie kando kabla hujaondoka.

Usilipe kabla ya kulinganisha na za zamani. Unene wa waya uwe uleule, urefu uleule, ndoano zielekee upande uleule. Kasoro ya bahasha za bei ya kutupa iko kwenye pini: ikiwa fupi kwa milimita moja au mbili, kikombe kinabana shuu mpaka inagoma kurudi na dramu inapata moto, ikiwa ndefu, shuu inacheza na kelele uliyoikimbia inakungoja. Kichwa cha pini kikiwa laini huzunguka ndani ya kikombe na siku moja hujichomoa. Bahasha ya namna hiyo tunairudisha hata kama springi zake ni nzuri.

Springi ya kurudisha shuu iliyochoka inajulikana bila kipimo chochote. Ishike kwenye mwanga: mizunguko yake ikiwa imeachana hata kidogo, imekwisha. Kisha iachie ianguke kwenye sakafu ya saruji. Nzima hutoa sauti butu, kama kijiti cha mti. Iliyovutika hulia kama kengele, maana mizunguko haigusani tena. Iliyogeuka rangi ya bluu imeungua, na hiyo haina haja ya kuangushwa.

Bahasha hii peke yake, hata hivyo, ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni grisi. Sahani ya nyuma ina vituta sita vidogo ambapo ukingo wa shuu huteleza kila unapokanyaga breki, vitatu kwa kila shuu. Vikikauka, chuma kinasugua chuma, shuu inatetemeka, na dramu inaukuza mtetemo huo kama ngoma. Huo ndio mluzi wa 110 nyingi. Kwenye barabara za vumbi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu unga wa lainingi na vumbi la njia hugeuka kuwa msasa.

Grisi yenyewe iwe ya breki, ya silikoni au ya kauri, inayostahimili joto kali. Grisi ya kawaida ya fremu yenye msingi wa kalisi huyeyuka kwenye nyuzi 100 hivi, hutiririka hadi kwenye lainingi, na hapo umenunua shuu mpya kwa nguvu. Isitoshe, grisi ya mafuta ya madini huvimbisha mpira wa wili silinda, kile kisilinda cha oili kinachosukuma shuu. Kipakiti cha gramu 5 hadi 8 kinatosha magurudumu yote mawili na kinabaki: kila kituta kipate tone la ukubwa wa punje ya mtama, lililopakwa kwa kidole mpaka libaki utando tu. Mkono mzito hapa ni hasara. Tukilazimika kuchagua kitu kimoja tu cha kununua, tungechagua kipakiti hiki.

Kabla ya kupaka, pitisha ukucha juu ya kila kituta. Ukinasa, shuu imechimba kijishimo. Humo ndimo inamotoka ile sauti ya "ta!" unapokanyaga mara ya kwanza baada ya kurudi nyuma: ukingo unang'ang'ania shimoni kisha unaruka. Kijishimo kidogo kinasawazishwa kwa tupa. Kirefu kijazwe kwa kuchomelewa, kisha kisagwe bapa. Grisi haizibi shimo.

Kuhusu shuu zenyewe, tutasema machache. Unene wa lainingi mpya ni milimita 4, kikomo ni 1. Kama bado una 2.5 na hazina mafuta wala nyufa, zisugue uso kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao uondoke, chonga kidogo ncha mbili za lainingi kwa mshazari, uzirudishe. Za Toyota zenyewe, ambazo namba yake huanza na 04495, hukaa vizuri bila kulazimishwa. Za watengenezaji wa Kijapani kama Akebono hatuoni tofauti ya kumfanya mtu alie. Zilizobandikwa upya mtaani ni bahati nasibu: ubandikaji ukiwa safi zinafaa, lakini mara nyingi mkunjo wa lainingi haulingani na dramu, na gundi huachia pembeni. Tazama pia herufi mbili zilizopigwa ubavuni. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, herufi ya kwanza kwa breki baridi, ya pili kwa breki yenye moto. FF au FE zinafaa kwa gari hili.

Shuu mpya ijaribiwe kwa chaki. Chora mistari ndani ya dramu, ibonyeze shuu na uizungushe kidogo. Chaki ikishika katikati tu, dramu imepanuka na shuu itapiga kelele mpaka isagike. Dramu ya 200 mm ina kikomo cha 201, na kikomo kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Ukiichongesha, mwambie fundi amalizie taratibu kabisa kisha apitishe msasa. Mchongo wa haraka huacha mistari kama uzi wa boliti. Shuu huufuata uzi huo kuelekea nje, kisha springi huirudisha kwa kishindo. Wateja wengi huleta gari lenye "kugonga kwa nyuma" wakidhani ni bushi.

Kwenye ufungaji, weka kabari magurudumu ya mbele, shusha handibreki, legeza nati kwa spana ya 21, kisha inua na uweke stendi. Dramu ikigoma, usiipige nyundo ukingoni. Ina matundu mawili yenye uzi wa M8. Fungia boliti mbili kwa zamu, robo mzunguko kila moja, na itachomoka. Vumbi lioshwe kwa maji ya sabuni au spirei ya breki. Usilipulize kwa kompresa, maana lainingi za zamani huenda zina asbestosi. Dizeli nayo iache kabisa, inaacha utando.

Fungua upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili, ili uwe na mfano wa kutazama. Ajasta za kulia na kushoto zina uzi uliopishana. Ukizibadilisha, kila breki inapojirekebisha itazidi kulegea. Nafasi kati ya shuu na wenzo wa handibreki isizidi 0.35 mm. Ukishafunga dramu, panua ajasta mpaka dramu isizunguke, kisha irudishe ajasta meno 8. Nati za gurudumu kaza kwa mtindo wa msalaba hadi 103 Nm.

Kuna kelele ambazo bahasha hii haitagusa. Mkwaruzo wa chuma unaoongezeka unapokanyaga ni lainingi iliyokwisha, na hapo dramu imeshachimbwa. Mluzi wa asubuhi unaoisha baada ya kusimama mara mbili ni kutu ya usiku tu. Tanga na Mombasa utausikia hata kwenye breki mpya, usiupeleke gereji. Pembe ya mpira wa wili silinda ikifunuliwa na ikatoa unyevu wa oili ya breki, silinda ibadilishwe pande zote mbili pamoja na shuu zilizolowa. Lainingi iliyokunywa oili haisafishiki. Dramu moja ikiwa na moto kuliko mwenzake baada ya safari fupi, angalia kebo ya handibreki iliyoshikwa na kutu ndani ya ala yake. Kebo hiyo huvuta shuu daima, na springi mpya haitashindana nayo.

Baada ya kufunga, kanyaga breki kwa upole mara 10 hadi 15 kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 15, ukiacha ipoe kidogo kati ya kila mara. Milio ya meno ya handibreki unapoivuta ihesabiwe siku hiyo na baada ya kilomita 500. Ikizidi 9, rudi kwenye ajasta kwanza. Usikimbilie kukaza kebo, maana kebo iliyokazwa huku ajasta ikiwa chini huzuia ajasta isijirekebishe.