Pikipiki ya tairi nne inayolala kona au kigari chepesi cha spoti? Mi nachukua kigari

Kila zikitoka picha za pikipiki ya tairi nne inayolala kwenye kona, watu wanasema ndo hii sasa, usalama wa gari na raha ya pikipiki vyote kwa pamoja. Hizi mashine nazipenda kwelikweli, na Yamaha walipoonyesha Tesseract yao kule Tokyo mwaka 2007 hata mi niliamini mambo yanabadilika. Ila ukiziweka pembeni ya magari mepesi kama Caterham Seven au Lotus Elise, naona ile tairi ya nne bado haijalipia nafasi yake.

Tuanze na kulala kwenyewe. Pikipiki inalala kwa sababu isipolala itaangukia nje ya kona, na ukiona imelala nyuzi 45 jua kona inaivuta pembeni kwa nguvu inayokaribia uzito wake wote. Kwa hiyo mashine nyembamba, hata uipe tairi nne, lazima ilale tu maana upana wake hautoshi kuizuia isipinduke. Kigari cha spoti kimelimaliza hilo kwa njia nyingine kabisa, kimetanuka na kimekaa chini karibu na lami. Halafu kuna wanaodhani tairi nne zinazolala zitashika barabara mara mbili ya tairi mbili, hapana, uzito ni ule ule umegawanywa tu. Faida yake iko kwingine: tairi moja ya mbele ikikanyaga mchanga au mafuta, mwenzake bado ameshika. Na kwa anayeendesha pikipiki hilo si jambo dogo, kwa sababu nyuma ikiteleza unaweza kuiokoa, lakini mbele ikiteleza mara nyingi unajikuta chini hujui hata imekuwaje.

Sasa angalia vizuri, shida kubwa iko mbele! Na mbele imeshatatuliwa kwa tairi tatu. Yamaha Niken ya mwaka 2018 ina mbili mbele moja nyuma, injini ya silinda tatu ya cc 847, na inalala mpaka nyuzi 45. Ukisimama mbele yake unaona shokapu nne, mbili kila upande, zimekaa upande wa nje wa tairi na tairi zenyewe ndogo za inchi 15 ziko ndani yake, juu kuna vyuma vinavyocheza sambamba ili moja ikipanda nyingine ishuke, yaani kazi ya ufundi ya kuheshimu. Lakini ina kilo 263 na MT-09, ndugu yake wa injini ile ile mwenye tairi mbili, wa wakati huo ana kama 193. Kilo 70 zimeongezeka kwa ajili ya tairi moja na vyuma vyake, na injini haijaongezwa. Ukitaka tairi ya pili nyuma, hesabu tena mkono mwingine wa kushikilia tairi, breki nyingine na njia ya kugawa nguvu pande mbili, yote hayo ili uokoe mtelezo ambao ulikuwa na nafasi ya kuuokoa mwenyewe.

Quadro4 ya Uswisi ilijaribu njia hiyo, injini ya cc 346, tairi zote mbili za nyuma zinasukuma, na mjini kwenye mvua na mawe yanayoteleza naielewa kabisa. Ila ile ni skuta ya kwenda kazini, usiipeleke kwenye mjadala wa spoti.

Upande wa spoti kuna mashine za tairi nne za maonyesho. Dodge Tomahawk ya 2003 ilikuwa na injini ya V10, yaani silinda kumi, ya lita 8.3 kutoka kwenye gari la spoti la Dodge Viper, nguvu farasi 500, na uzito wa kilo kama 680. Kilo 680! Caterham Seven 170 ina kilo 440 hivi, na ni gari, ina viti viwili na usukani. Lazareth wa Ufaransa alikuja 2016 na LM 847, V8 ya Maserati yenye nguvu farasi 470 kwenye kilo 400, hiyo angalau hesabu yake inavutia, lakini kwenye kona uzito huo na injini kubwa kati ya magoti yako havikusaidii chochote.

Kinachonikera zaidi ni breki, hazizungumzwi kabisa. Pikipiki ni fupi na dereva amekaa juu, ukikamata breki kwa nguvu nyuma inataka kunyanyuka, ukifungua mafuta mbele inanyanyuka. Kuongeza tairi pembeni hakubadilishi urefu wala kimo, kwa hiyo ukomo huo unabaki pale pale. Kigari ni kirefu na kiko chini, unaingia kwenye kona umechelewa kukamata breki na bado kimetulia. Ndani ya Seven unakaa karibu na barabara kiasi kwamba mkono ukiuachia nje unakaribia kugusa lami, na tairi za mbele unaziona zikikata kona mbele ya macho yako pamoja na madigadi yake, kila milimita ya usukani unaiona inafanya nini.

Na kama mtu anataka roho ya pikipiki kwenye tairi nne, mbunifu wa magari Gordon Murray alishamjibu na kigari chake Rocket miaka ya mwanzo ya 90, injini ya pikipiki ya Yamaha ya cc 1000, gari chini ya kilo 400, abiria anakaa nyuma ya dereva. Hailali, na haihitaji kulala.

Nisiwe mchoyo, kulala kuna kitu ambacho gari halitakupa kamwe. Kwenye gari kona inakusukuma ubavuni, kwenye mashine inayolala inakukandamiza kwenye kiti na mwili wote unaingia kwenye kona, na pia kwenye foleni unapita. Hizo ni sababu za kweli kabisa za kununua.

Kwa hiyo kama unatoka kwenye pikipiki na kinachokutisha ni tairi ya mbele peke yake, kajaribu Niken, usisubiri ya tairi nne. Kama unatafuta kona na mtu wa kukaa naye pembeni, chukua kigari, na kama Seven bila paa ni kali mno kwako basi Mazda MX-5 ya kizazi cha 2015, kilo kama 1,000, haitakuangusha. Ukijaribu Niken pitisha tairi moja ya mbele juu ya kiraka cha lami uone kinachofika mikononi ni kidogo kiasi gani, na kumbuka ukisimama taa nyekundu uweke mguu chini, maana tairi tatu zile hazisimami zenyewe.