Saluni ya Mwanga iliyoniondolea ukijani kichwani bila mkasi

Nimekaa na maneno haya wiki tatu nikisubiri nione kama nywele zitarudi kuwa kijani. Hazijarudi, na bwawani naendelea kwenda. Kwa hiyo naandika sasa, kwa ajili ya dada yeyote wa Kigoma mwenye nywele za blondi anayeogelea, na hasa yule ambaye kijani kimeshamshika na anaambiwa dawa yake ni kunyoa.

Nywele zangu ni fupi, hazizidi pingili mbili za kidole, na nimezipaka blichi tangu Desemba. Ni blondi ya dhahabu, siyo ile nyeupe. Kuogelea ni habari nyingine kabisa. Kwetu ni Kalinzi, huko juu kwenye kahawa. Ziwa tumelijua kwa dagaa na migebuka inayopandishwa sokoni, wala hakuna aliyetufundisha kuelea. Sasa kazi yangu ya chanjo hunipeleka Kagunga, mpakani na Burundi, kwa boti, na miaka minne nimekuwa nikikaa katikati ya boti nimeshikilia ubao kwa mikono miwili hadi vidole vinakufa ganzi. Mwaka huu nikasema basi, najifunza. Ziwa Tanganyika si pa kuanzia mtu mzima, maana sehemu nyingi unapiga hatua chache tu na chini hakuna. Nikajiandikisha kwenye bwawa la hoteli moja ya ufukweni: Jumanne na Alhamisi jioni, Jumamosi asubuhi.

Ilikuwa Jumamosi ya tatu. Natoka majini, najikausha, binamu yangu ananitazama kichwani kimya. Yeye nywele zake ni nyeusi, tumeingia maji yale yale, hana hata alama. Mimi pembeni mwa paji la uso na kisogoni nywele zilikuwa na rangi ya maji yaliyochemshiwa mchicha. Zilipokauka ikawa mbaya zaidi: ncha zote kijani cha kutu, ile kutu inayokaa kwenye senti kumi za zamani zenye tundu katikati. Bibi yangu alikuwa nazo kwenye mkebe, kwa hiyo rangi ile naijua vizuri.

Wiki iliyofuata nilivaa kilemba kazini kila siku. Kila niliyemuuliza alisema ni klorini, na mimi nikaamini. Nikaosha kwa shampuu ya kawaida mara tano, haikutoka. Nikapaka tomato sosi nusu saa, kwa sababu ushauri huo uko kila mahali. Ilionekana kupungua kidogo, kumbe wekundu wa nyanya ulikuwa umefunika tu. Nilipoosha mara mbili kijani kikarudi pale pale. Nikakamua limau nikakaa juani. Hapo nilipata nafuu kiasi, ila nywele zikawa kavu kama makuti. Mwishowe nikarudi saluni nilikopakwa blichi. Jibu lao lilikuwa fupi: tupige blichi nyingine juu yake. Dawa ilikuwa imeshakorogwa kwenye bakuli. Sijui ni nini kilinifanya niseme nitarudi kesho, lakini namshukuru Mungu kwamba nilisema.

Saluni ninayoisifu iko Mwanga, uchochoro wa nyuma ya soko. Ni chumba kimoja chenye viti vitatu, stima moja, na dirisha kubwa linaloangalia mashariki. Mwenyewe ni mama wa makamo, Muha mwenzangu. Niliingia akaniamkia "Mwakeye", nikaitikia, nikavua kilemba. Hakushtuka. Alinisogeza dirishani, akapekua nywele kwa mpini wa kitana, akaanza maswali. Umeogelea wapi? Mara ngapi kwa wiki? Ukitoka unaosha papo hapo au unaondoka nazo hivyo hivyo? Nyumbani mnaoga maji ya bomba au ya kisima? Kuna mtu ameshaweka dawa yoyote juu yake? Hakugusa chupa hata moja kabla sijayajibu yote. Kwangu mimi nyota zake za kwanza alizipata hapo.

Kisha akasema, "Mwanangu, hiyo siyo klorini. Hiyo ni shaba."

Alifanya kazi miaka mingi Dar es Salaam, upande wa Masaki, akiosha nywele za wanawake wa kizungu na watoto wao. Blondi yao ni ya kuzaliwa, na kila likizo ya shule watoto walikuwa wakiletwa kwake vichwa kijani. Alinieleza huku akichana. Madini ya shaba huingia kwenye maji ya bwawa kwa njia mbili. Ya kwanza ni dawa ya kuua mwani, ule utelezi wa kijani unaoshika kuta. Dawa nyingi za namna hiyo zina mrututu, yale mawe ya bluu. Ya pili ni mabomba na mitambo yenye shaba, pale maji yanapokuwa makali yakaila polepole. Klorini yenyewe haileti rangi hiyo. Kazi yake ni kuisaidia shaba kushika na kuuchosha unywele. Shaba ikishaingia inajifunga kwenye protini ya unywele, na ndiyo maana shampuu ya kawaida inapita juu tu.

Nilielewa mara moja, kwa sababu ya baba. Baba hunyunyizia kahawa dawa ya shaba kuzuia ukungu, na shati lake la kazi lina mikono ya rangi ya bluu iliyoelekea kijani ambayo mama amefua tangu mimi nikiwa darasa la tatu. Ni shaba ile ile. Tofauti ni kwamba mimi niliivaa kichwani.

Na kwa nini binamu yangu amepona? Hajapona, ni kwamba haionekani. Weusi unaificha. Halafu nywele zilizopigwa blichi zina magamba yaliyofunguka, zinanyonya kama sifongo. Zake bado zimefunga. Watu wawili, bwawa moja, hatunywi sawa.

Nilipomsimulia habari ya blichi ya pili, alikunja uso. Akaniambia hilo ndilo analoligombania na wasichana wanaokuja kujifunza kwake: piroksaidi, dawa inayochanganywa kwenye blichi, ikikutana na shaba iliyojaa kwenye unywele inaweza kuchemka, kichwa kikapata moto na nywele zikakatika mkononi. Shaba inatolewa kwanza. Rangi itazungumzwa baadaye.

Sasa kazi yenyewe. Alikata kijifungu kidogo cha nywele nyuma ya sikio, pasipoonekana, akakigawa mara mbili. Akachukua glasi mbili za chai, akaziweka kwenye ukingo wa dirisha. Moja aliweka maji ya uvuguvugu matupu. Ya pili alisagia vidonge viwili vya vitamini C, vile vyeupe vya duka la dawa, akakoroga, kisha akatumbukiza nywele, kila glasi na fungu lake. Tukasubiri dakika kumi na tano. Akazitoa kwa koleo la nyusi, akazilaza kwenye karatasi nyeupe, bega kwa bega. Za maji matupu zilikuwa kijani kile kile. Za pili zilikuwa zimerudi manjano, na kijani kimebaki nchani kama kivuli. Nimewahi kupakwa dawa nyingi kichwani na watu wengi. Huyu ndiye wa kwanza kunionyesha itakavyokuwa kabla hajanipaka.

Baada ya hapo alisaga vidonge kumi na tano, akavichanganya na kondishena nyeupe hadi ikawa uji mzito, akanipaka kuanzia kisogoni, akafunika kwa kofia ya nailoni. Dakika ishirini. Panachoma kidogo kama una kidonda, kwa hiyo mwambie mapema. Akaosha kwa maji ya mvua kutoka kwenye simtanki, kwa sababu maji ya kisima chake yana chumvi na hataki kuongeza madini juu ya madini. Akarudia mara ya pili. Mwisho akapitisha shampuu ya waogeleaji, akanionyesha nyuma ya chupa neno la kutafuta: EDTA. Ni kemikali inayoyakamata madini na kuondoka nayo wakati wa kusuuza. Alisema kama chupa ya waogeleaji haipatikani mjini, tafuta shampuu ya kusafisha kwa kina yenye neno hilo, na liwe karibu na mwanzo wa orodha, lisiwe la mwisho kabisa.

Nilitoka na blondi. Siyo ile ya Desemba, imepoa kidogo, lakini ukinitazama juani huoni kijani. Yule mama alinisimamisha mlangoni kwenye mwanga na kunizungusha mara mbili kabla hajapokea hela.

Nililipa 18,000. Alikuwa ametaja 15,000, na ile 3,000 ya kondishena ya mwisho niliisikia nikiwa nimeshasimama. Hilo silipendi, na nilimwambia. Bei haijaandikwa popote ukutani, uliza mapema, na uliza kila kitu. Kingine, muda. Nilifika saa nne asubuhi nikatoka saa nane. Umeme ulikatika, stima ikalala, tukamalizia kwa taulo la moto. Jumamosi panajaa wasusi na bibi harusi. Nenda katikati ya wiki. Na siku mbili baadaye nywele zilikuwa zimekauka kuliko nilivyotarajia, ikabidi nizilishe mafuta kila usiku kwa wiki nzima. Alikuwa amenionya, ila ukavu ulizidi onyo.

Mafuta yenyewe aliyoniambia ni mise, na hapa Kigoma hatuna shida nayo. Angalizo: ni mise, ya kokwa la mchikichi, siyo mawese. Mawese ni mekundu na blondi itayanywa, utakuwa umetoka kijani umeingia machungwa.

Utaratibu wangu wa bwawani sasa ni huu alionipangia, na sijauruka hata siku moja. Kabla ya kuingia nasimama bafuni nalowesha nywele kwa maji safi hadi zimeshiba, kwa sababu unywele uliokwisha kunywa hauna nafasi kubwa ya kunywa tena. Juu yake mise kidogo sana, kiasi cha kulainisha kiganja, kisha kofia ya silikoni. Kofia si hiari: bila hiyo mafuta yanaishia kwenye maji ya watu wote na kuziba chujio. Nikitoka nasuuza papo hapo, kabla ya kuzungumza na mtu yeyote. Zamani nilikuwa nakaa juani nywele zikauke zenyewe, na ndivyo nilivyokuwa naigandisha shaba kwa mikono yangu. Shampuu ya EDTA mara moja kwa wiki tu, kila siku inakausha, na kondishena nzito baada yake.

Nilimfuata pia kijana anayehudumia bwawa. Sikwenda kwa ugomvi. Nilimuuliza, "Mdogo wangu, humu mnaweka nini?" Akanionyesha bila kuficha: ndoo ya klorini ya unga, na mfuko wa chenga za bluu anazotumia kuta zikianza kuteleza. Maji yalikuwa safi, unaona vigae hadi chini kabisa, na huko ndiko nilikokuwa nimedanganyika. Shaba ya kugeuza nywele haihitaji maji yachafuke. Tukapima pamoja kwa vile vijikaratasi vyake: pH, kipimo cha ukali wa maji, ilikuwa chini ya 7. Inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.8, ikishuka maji yanaanza kula vyuma. Alinishukuru, akasema hupima klorini tu na hilo lingine hulisahau. Tangu siku hiyo huwa ananisomea namba kabla sijavua viatu.

Saluni inafunguliwa saa tatu asubuhi, Jumapili imefungwa. Ukishuka kwenye bajaji pale soko la Mwanga, pita upande wa wauza vitenge, uchochoro wa pili, mlango wa bluu. Vidonge vya vitamini C pitia duka la dawa ukiwa njiani, chukua vile vyeupe visivyo na rangi wala sukari. Ukienda navyo mkononi anakupunguzia 2,000.