Kikomo cha chaji cha 80%: uzoefu wangu kwenye simu mpya

Simu yenyewe ina betri ya lithiamu ya 5,000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) na chaja ya wati 25. Kamera na kioo wengine wameshavichambua. Mimi naja na kitu kimoja kilichojificha kwenye mipangilio ya betri: kikomo kinachozuia chaji isivuke asilimia 80. Naona hicho ndicho kitu bora kwenye simu hii, na wanunuzi wengi hawakigusi.

Simu inatoka kwenye boksi ikiwa na chaji nusu hivi, na ndivyo inavyotakiwa: lithiamu ikihifadhiwa imejaa inachakaa haraka, ikihifadhiwa tupu inaweza kufa kabisa. Ule ushauri wa kuchaji saa 8 kabla ya kuwasha ni wa enzi za betri za nikeli. Ukiambiwa, itikia tu halafu washa simu yako.

Kwa nini 80? Chomeka mita ndogo ya USB, ile inayoonyesha volti na ampea, kati ya chaja na waya utaona mwenyewe. Betri ikiwa chini, simu inavuta volti 9 na zaidi ya ampea 2. Kadiri inavyopanda ampea zinapungua, na ikikaribia 95 haivuti hata ampea moja. Seli, yaani betri yenyewe kwa ndani, inakuwa imefika kwenye volti zake za juu kabisa, 4.2 kwa seli ya kawaida na 4.4 hivi kwa nyingi za simu za sasa, kwa hiyo volti inashikiliwa palepale na mkondo, yaani hizo ampea, unabanwa. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachokula muda, na ndicho kinachoichosha betri, maana volti ikiwa juu kimiminika cha ndani kinaharibika kidogo kidogo. Ongeza joto, kasi inazidi. Kuiacha kwenye waya usiku kucha ikiwa 100 na iko chini ya mto ni kuunganisha maadui wawili.

Hasara ya kikomo hiki haijifichi: unajinyima 1,000 mAh. Kama chaji inakukatia jioni, kizime; betri ni ya kutumiwa, si ya kuenziwa. Tena betri za sasa si dhaifu hivyo. Tangu Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa betri zake zibakie na angalau 80% ya uwezo wa mwanzo baada ya mizunguko 800, na mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, iwe kwa mkupuo mmoja au 50 leo na 50 kesho.

Kero niliyoiona ni namba ya asilimia kupotea njia. Ukikaa na kikomo muda mrefu, kipimo kinaanza kukisia, na simu inaweza kuzimika ghafla ikionyesha bado ina chaji. Dawa yake: kila baada ya mwezi mmoja au miwili ondoa kikomo, ichaji hadi 100, itumie hadi karibu na 10, kisha ijaze tena bila kuikatisha. Hapo unarekebisha kipimo, si betri. Apple wenyewe wanaeleza kwamba iPhone yenye kikomo hiki hupanda hadi 100 mara moja moja kwa sababu hiyohiyo.

Kwenye joto kikomo hakisaidii sana. Kucheza gemu huku unachaji kwa kasi, au kuiacha kwenye dashibodi juani, kunaumiza hata ikiwa 60. Kava likiwa nene, livue wakati wa kuchaji. Chaji isiyo na waya inatoa joto zaidi, hasa simu ikiwekwa upande upande na koili (nyaya za kuzunguka zinazopitisha chaji) zisikutane sawasawa.

Chaja ya laptop ya wati 65 haiui simu. Simu ndiyo inayoomba kiasi inachotaka. Waya mbovu nao kwa kawaida unaichelewesha tu, lakini tundu au kichwa cha waya kikipata moto, acha kuutumia. Mfuniko wa nyuma ukianza kunyanyuka, betri imevimba: usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena, peleka kwa fundi.

Ninachowadai watengenezaji wa simu hii ni kuongeza hatua nyingine. Sasa ni 80 au 100 tu; wangeweka na 90, wenye matumizi makubwa nao wangekiwasha.