Windows 11 kwenye MacBook ya 2015: imekataliwa mlangoni, ikapitia dirishani

Haya wadau, karibuni! Hii hapa ni MacBook Pro ya 2015, sifa zake mnazijua, sizirudii. Kazi zangu nyingi ziko macOS, ila pembeni, kwa Boot Camp, ile njia ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac, nina Windows 10 ya programu ya mahesabu na gemu mbili tatu. Na Windows 10, tangu Oktoba 14, 2025, hesabu kwamba imestaafishwa.

Sasa Windows 11 inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Yangu ni ya kizazi cha tano, TPM haina kabisa. Jibu ni moja tu: kompyuta yako haina vigezo. Jamani, kwa skrini hii? Kuna kompyuta mpya za bei chee madukani haziifikii!

Nasogeza kamera, angalieni. Faili la ISO, lile lenye Windows 11 nzima ya kusakinisha, toleo la 24H2, nimelifungua, limekaa kama diski D. Nafungua Command Prompt, lile dirisha la kuandika amri, kwa ruhusa ya msimamizi. Naandika D na nukta mbili, Enter. Halafu setup.exe, acha nafasi, mkwaju (/), product, acha nafasi, server. Enter.

Mmeona kilichoandikwa? Windows Server! Msikimbie. Kwa njia ya seva kisakinishi hakiulizi TPM wala prosesa, lakini kinachoingia ni Windows 11 ileile. Subiri… hapa. Hapa ndipo pa kutoa macho: chagua kubakiza faili, mipangilio na programu. Ukichagua kutobakiza chochote, programu ya mahesabu ndiyo kwaheri. Na bakapu ufanye kabla, usinililie kwenye maoni.

Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kusakinishia Windows, nayo ni nzuri, video yake inakuja, bonyezeni kengele. Ila inataka flashi. Hii haitaki kitu. Bei? Bure, kama Windows 10 yako ina leseni halali. Wapo wanaolipa dola 30 wabaki na Windows 10 na wapate viraka vya usalama, yaani masasisho ya kuziba matundu, hadi Oktoba 2026. Mwanzo niliwacheka, ila kwa mashine ya ofisi hata mimi ningelipa, maana Microsoft hawaidhamini njia hii.

Viraka vya kila mwezi vinaingia. Toleo kubwa la mwaka usilisubiri lije lenyewe, utalisakinisha kwa mkono. Wenye Mac za chipu ya Apple, M1 na kuendelea, hamna Boot Camp, msijisumbue. Wa Intel, niandikieni mwaka wa mashine zenu hapo chini.