Lita 4 za Maji Kutoka Kapeti "Kavu": Mashine ya Kufyonza Maji kwenye Boti

Haya, karibuni tena. Kabla sijasema lolote, itazameni ndoo hii. Naiinamisha kidogo muone ndani. Maji ya rangi ya udongo, utando wa mafuta juu, mchanga umetuama chini. Nimeyatoa kwenye kapeti ya boti niliyoiosha leo asubuhi, ikapigwa jua mpaka saa 9 alasiri, na ukiipitishia kiganja unasema imekauka. Mistari ya ndoo inasoma lita 4. Eneo lenyewe halizidi mita 6 za mraba.

Nilipanga video ya leo iwe ya kulinganisha sabuni. Sabuni nitazigusa, tulieni. Lakini ndoo hii imenibadilishia mpango, kwa hiyo leo tunaichambua hii hapa: mashine ya kufyonza vumbi na maji, ile ya pipa lenye magurudumu. Pipa lita 20, mota wati 1,200, bomba mita 2. Nimeinunua mwenyewe, na jina sitalitaja, maana ninayosema yanaihusu aina hii ya mashine kuliko nembo iliyobandikwa ubavuni.

Kwanza niwaambie nilifikaje hapa. Msimu uliopita nilifunua kona ya kapeti huku tezi, nyuma kabisa karibu na injini, kwa sababu nilikanyaga nikahisi sakafu inabonyea. Nikachukua bisibisi nikaigusa plaiwudi. Bisibisi ikazama bila nguvu, kama unachoma udongo wa mfinyanzi. Na mimi ndiye mtu wa usafi, jamani! Kila nikirudi kutoka baharini nilimwaga ndoo, povu, brashi, ndoo tena. Miaka 3 nzima nilikuwa naimwagilia plaiwudi kama bustani nikidhani naosha kapeti.

Sogea na kamera hapa. Nimekata kipande cha kapeti ya zamani muone ubavuni. Juu kuna manyoya, chini kuna tabaka la mpira. Manyoya ya kapeti nyingi za boti ni polipropilini, plastiki ileile ya zile kamba zinazoelea. Uzi huu haunywi maji. Wauzaji wanausifia kwa hilo, na ni kweli, lakini maji yasiyonywewa hayajapotea. Yanateremka katikati ya nyuzi yanakwenda kukaa juu ya mpira. Ncha za manyoya zinakauka upesi, mkono wako unadanganyika, na huku chini bado ni kidimbwi. Kapeti ikiwa imegandishwa kwa gundi, maji hayo yana njia mbili tu: kupanda juu polepole, au kutafuta pembe iliyobanduka yaingie kwenye mbao.

Kuna na chumvi. Hewa ikiwa na unyevu wa kama asilimia 75 kwenda juu, chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani, na baharini kiwango hicho si cha ajabu hata kidogo. Ndiyo maana kapeti iliyolowa maji ya bahari ikakauka yenyewe hurudi kuwa mbichi usiku. Haijavuja popote, ni chumvi inakunywa unyevu wa hewani. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha uyatoe hayo maji. Ukisuuza ukaacha, umebadilisha tatizo moja kwa jingine.

Kipimo changu ni hiki, hakihitaji kifaa. Chukua kitambaa cheupe, kikunje mara 4, kiweke juu ya kapeti, kanyaga kwa kisigino, mwili wote, hesabu mpaka 10. Haya, nakiinua. Mnaiona hiyo duara? Kisigino kizima kimejichora. Na hapo ndipo niliposema kumekauka.

Sasa mashine. Jambo la kwanza ambalo kijitabu chake kimelificha ukurasa wa mwisho: kabla ya kufyonza maji, toa chujio la karatasi. Weka la sponji. Mimi mara ya kwanza nilisahau, chujio likalowa likawa uji, nikanunua jingine. Ndani ya pipa kuna kielea. Maji yakifika juu kinaziba njia ya upepo na mota inabadilisha sauti, inaanza kulia kwa sauti nyembamba. Ukiisikia sauti hiyo, zima. Kasoro niliyoigundua ni kwamba boti ikiyumba, maji ndani ya pipa nayo yanayumba, kielea kinapanda mapema. Pipa la lita 20 majini linanipa kama lita 12, basi. Nchi kavu linajaa vizuri.

Kile kichwa kipana kinachokuja nayo, kirudishe kwenye boksi. Kwa kapeti hakina kazi, upepo unatawanyika. Nilichotumia ni hiki kidogo cha viti, upana wa kiganja. Angalieni mkono wangu: nakibana chini, nakivuta kuelekea kwangu, sikisukumi. Polepole kabisa, shibiri moja kwa sekunde mbili hivi. Mnaona kwenye bomba? Ukienda haraka unapita hewa tupu. Ukipunguza mwendo, hayo, yanakuja. Narudia mstari uleule mara 3, kisha nahama nusu ya upana wa kichwa. Kazi ya kuchosha kiuno, sitawadanganya. Mita hizi 6 zilinichukua dakika 40.

Malalamiko yangu mengine: waya ni mfupi, magurudumu hayawezi hatua ya kuingilia kwenye boti, na pipa halina kizibo cha kumwagia chini kwa hiyo unalibeba likiwa limejaa kulipindua. Fremu ni ya chuma, na chuma na chumvi mnajua uhusiano wao. Kila nikimaliza nalisuuza pipa na kulipangusa.

Subirini, hapa nataka mnisikilize. Hii ni mashine ya umeme na wewe umesimama kwenye maji. Iunganishe kwenye soketi yenye kinga ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30 au chini ya hapo. Kiungio cha waya kiwe juu pakavu, si sakafuni. La pili ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unateremka mpaka ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, na kutulia humo. Mota ya mashine hii inatoa cheche, na hewa inayofyonzwa inapita karibu nayo. Ukisikia harufu ya petroli, hata kidogo, usiwashe. Fungua milango yote ya sakafu, washa feni ya boti ya kutolea mvuke, ile isiyotoa cheche, kama unayo, tafuta inapovuja. Na petroli iliyomwagika juu ya kapeti haifyonzwi kwa mashine hii kamwe. Kama kapeti inatoka, itoe uipeleke mbali na boti.

Haya, sabuni. Nilijaribu 3. Ya kuoshea vyombo ndiyo ninayorudi nayo, kijiko 1 cha mezani kwa lita 5 za maji. Polipropilini inachukia maji lakini inapenda mafuta: mafuta ya kujikinga na jua, ya injini, ya samaki, yote yanashika humo. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kwa mafuta, kwa hiyo inafaa. Usizidishe. Sabuni isiyotoka inanata na kukusanya uchafu mpya, ndiyo sababu mtu anaosha Jumamosi na Jumatano kapeti imechafuka tena. Tena povu likijaa pipani linapanda mpaka kwenye mota, kielea hakilizuii.

Ya pili ni ile ya vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunjavunja uchafu, kwa damu ya samaki na shombo. Hii inafanya kazi, lakini inataka subira: maji ya baridi, iache robo saa ikiwa mbichi, ndipo usuuze. Watu wanamwaga maji ya moto juu ya damu kisha wanashangaa. Moto unaipika damu ndani ya uzi.

Ya tatu, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Najua wengi mnaipenda kwa ukungu. Uzi wa polipropilini uliotiwa rangi tangu plastiki yake haijavutwa kuwa uzi huvumilia. Lakini mpira wa chini hauvumilii, uzi wa mishono hauvumilii, vifungo vya chuma vinaliwa, na kama kapeti yako ni ya nailoni rangi inaondoka. Mimi kwa ukungu natumia siki nyeupe nusu kwa nusu na maji, brashi, suuza, fyonza. Na usiwachanganye hao wawili! Klorini na siki ukizikutanisha zinatoa gesi ya klorini, na ndani ya kibanda cha boti huna pa kukimbilia. Dawa zenye amonia vilevile, mbali na klorini.

Doa la kutu, lile la ndoano iliyosahauliwa, klorini inalikomaza. Tumia maji ya limau au dawa yenye asidi ya oksaliki, kwa glavu, kisha suuza sana. Asetoni na tina ya rangi acheni kabisa, zinayeyusha gundi.

Brashi ni ya nailoni. Ya waya niliitumia mara moja. Ikakwangua manyoya yakasimama kama nywele za mtu aliyetoka usingizini, na vipande vya waya vilivyokatikia humo vikanipa madoa ya kutu 30 madogo madogo. Niliyahesabu kwa hasira.

Najua swali linalokuja: presha? Mashine ya kuoshea kwa presha naikubali kwa kapeti iliyotolewa, imetandazwa nchi kavu, pua ya kutawanya maji kwa upana, umbali wa angalau sentimita 30, ukifuata manyoya yalikolalia. Kwa kapeti iliyogandishwa kwenye sitaha, hapana. Unayasukuma maji chini ya kingo kwa nguvu ambayo hakuna mashine itakayoyarudisha. Na haya maji machafu yenye sabuni msiyamwage ziwani au baharini, sabuni inaharibu mashavu ya samaki. Ndoo yangu inapanda nayo nchi kavu.

Basi mashine hii ununue? Kama kapeti yako imegandishwa, ndiyo, na uinunue kabla ya chupa yoyote ya dawa. Kama ni ya vifungo vya kubonyeza, vile kama vya jaketi, hela yako iache mfukoni. Ibandue, isuuze, itundike kivulini penye upepo. Upande wa mpira usitazame jua siku nzima, hukakamaa na kupasuka. Wakati wa kubandua shika karibu na kifungo, usivute pembe, kifungo kitabaki sakafuni na kapeti itabaki na tundu. Tone la grisi ya silikoni kwenye kila kifungo, na kutu inakaa mbali. Kule tezi kulikooza, baada ya kubadilisha plaiwudi, nimeweka ya vifungo. Omo, yaani mbele, na katikati bado ni ya gundi, kwa sababu kuibandua ni kazi ya wiki na mimi nimeshajichosha.

Haya, nimemwaga ndoo, narudia raundi ya pili palepale tulipotoka. Nitawasha, sauti ni kubwa, punguzeni spika zenu.

Nimemaliza. Kitambaa kipya, kisigino, hesabu 10. Nakiinua... duara haipo, kuna alama ndogo tu upande wa kidole gumba. Na ndoo inasema haijafika hata nusu lita. Turubai siifungi leo, naiacha wazi mpaka kesho jioni, feni ndogo ikipuliza. Nikirudi nitakanyaga tena na nitawawekea picha hapa chini.